Udhuru wa Asiyejua

Mtu akiua kwa kutojua, je, ana hatia? Swali hili ni kuukuu, nalo limejibiwa kwa njia nyingi katika mabaraza ya wazee na katika mahakama za serikali. Mimi nataka kulitazama mahali padogo zaidi: mbele ya tangi la kioo lenye lita 60 za maji ya chumvi, mchanga mweupe, mawe machache, vipande vya matumbawe yaliyo hai, na samaki wawili wasiozidi urefu wa kidole. Tangi hilo tuliweke kwa mawazo katika chumba cha sayansi cha shule moja huko Kathonzweni, katika nchi kavu ya Makueni, kilomita 300 hivi kutoka baharini. Nimepachagua mahali hapo kwa makusudi. Mtu wa pwani akiharibu maji yake hushuka ufukoni akachota mengine. Mtu wa Kathonzweni hana bahari ya kukimbilia. Kosa lake hukaa naye chumbani likimtazama.

Tufanye kuwa mwanafunzi mmoja amepewa kazi ya kulitunza tangi hilo. Ni kijana mwema. Anawapenda wanyama wale, anawalisha kabla ya kula yeye mwenyewe, na kioo anakipangusa kila asubuhi. Siku ya kumi samaki mmoja analala ubavu. Kufika jioni wote wawili wamekufa, na matumbawe yamejikunja kama ngumi. Kijana analia, na neno lake la kwanza ni lile ambalo kila mmoja wetu amepata kulitumia: "Sikujua." Nani atakuwa na moyo wa kumshtaki? Na hata hivyo wanyama wamekufa, wala hawakufa kwa uzee. Waliuawa na maji aliyowatilia yeye kwa mkono wake.

Basi tuanze kwa kuuliza ni jambo gani hasa ambalo kijana huyu hakulijua.

Hatuwezi kusema kwamba hakujua habari za maji. Hapana mtoto wa Kathonzweni asiyejua habari za maji. Mito mingi ya huko hupita mwaka mwingi ikiwa mchanga mtupu, na watu huchimba shimo katika mchanga huo wakangoja maji yajikusanye chini polepole. Penye kuta za zege zilizojengwa kukatiza mto, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuyaficha maji yasinyweke na jua. Ndiyo mabwawa ya mchanga ambayo Kitui na Makueni yamejulikana kwayo. Tena viko visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na vingi vya hivyo hutoa maji yenye chumvi. Kwa hiyo mama wa nyumba katika nchi hii ana elimu ambayo mama wa mjini hana. Anajua maji haya ni ya kunywa, haya ni ya kufulia, na haya ni ya mbuzi. Kipimo chake ni ulimi.

Kijana wetu alikulia katika elimu hiyo, na ndiyo iliyompotosha. Alifikiri hivi: samaki wa bahari wataka maji ya chumvi, maji ya kisima chetu yana chumvi, basi Mungu ametupa bahari chini ya ardhi. Usimcheke, msomaji, maana hoja yake imejengwa vizuri, na makosa mengi makubwa ya ulimwengu yamejengwa vizuri kama hilo. Kilichopungua ni namba tu. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba maji yenye chumvi zilizoyeyuka kupita miligramu 1,000 katika lita moja, yaani gramu moja, huanza kukataliwa na ulimi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi katika kila kilo moja. Kisima kinachomfanya mtu akunje uso kwa gramu tatu hakijafika hata moja ya kumi ya bahari. Ulimi hausemi ila "tamu" au "chumvi". Hauwezi kusema "tatu" au "thelathini na tano". Na samaki wa mwamba hawakai katika neno "chumvi". Wakaa katika thelathini na tano.

Hata angeongeza chumvi ya dukani mpaka namba itimie, bado asingepata bahari. Chumvi ya chakula karibu yote ni kitu kimoja, sodiamu iliyoungana na klorini. Katika chumvi za bahari hivyo viwili ni sehemu 85 hivi tu katika mia. Zinazosalia ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogo vidogo, na kwa tumbawe linalojenga mifupa yake kwa kalsiamu, hivyo "vingine" ndivyo uhai wenyewe. Liko jambo la ajabu kaskazini ya Malindi, huko Gongoni na Ngomeni, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yakakaushwa na jua, ikapatikana chumvi. Chokaa na jasi hutangulia kuganda na kubaki nyuma. Kisha chumvi huganda, na yale maji machungu yenye magnesiamu humwagwa. Ukiichukua chumvi hiyo safi, iliyotoka katika bahari ileile, ukaiyeyusha tena, bahari hairudi. Kwa sababu hiyo watunzaji wa matangi hutumia chumvi iliyochanganywa maalumu kwa kazi hiyo, nao huikoroga katika chombo kingine siku moja kabla ya kuitumia, wala hawaimwagi juu ya wanyama. Hupima uzito wa maji hayo kwa haidromita, wakitafuta namba kati ya 1.023 na 1.026, yaani mara ngapi maji hayo ni mazito kuliko maji baridi.

Na maji ya kuyeyushia yatoke wapi? Hapa kijana wa Kathonzweni angejibu upesi: ya mvua, maana hayana chumvi. Jibu hili ni bora kuliko la kwanza, lakini nalo lina mtego. Maji ya mvua hupita juu ya bati kabla ya kufika tangini. Bati limepakwa zinki, na zinki kidogo isiyomdhuru mtu yaweza kuwaua konokono na matumbawe. Vivyo hivyo shaba ya mifereji. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini nayo yana hatari yake. Salama zaidi ni maji ya mvuke uliopozwa, au yaliyosukumwa katika utando mwembamba mpaka chumvi zote zikabaki nyuma.

Wazee wa pwani wana methali isemayo kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa kawaida twaitumia kumhurumia aliye mdogo. Mtunzaji wa tangi huisoma kwa namna nyingine: kama maji ya kifuu ni bahari ya chungu, basi dhoruba ya chungu ni pumzi ya mtu. Bahari kuu haibadiliki kwa siku moja kwa sababu ya ukubwa wake. Lita 60 hubadilika baina ya chakula cha mchana na cha usiku. Jua la Kathonzweni na upepo wake mkavu hunywa maji ya tangi kila siku, lakini haunywi chumvi. Tufanye hesabu. Lita 60 zenye gramu 35 kwa lita zina gramu 2,100 za chumvi. Lita sita zikikauka, gramu 2,100 zilezile zimo sasa katika lita 54, nayo ni karibu gramu 39 kwa lita. Mtoto mwenye huruma, akiona maji yamepungua, hujaza kwa maji ya chumvi, maana wanyama hawa ni wa chumvi. Naye kwa huruma hiyo ameongeza gramu 210 nyingine. Kinachotakiwa ni kujaza kwa maji baridi safi mpaka kwenye alama iliyochorwa juu ya kioo, kila siku kidogo kidogo. Kila mara, akifuata moyo wake, huenda upande usiofaa.

Lakini chumvi haikuwa sababu ya vifo vile. Tuseme mwalimu alikwisha kumsahihisha kijana katika chumvi. Yaliyowaua samaki ni jambo lisiloonekana, lisilo na ladha wala harufu katika kiasi kile. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake apumuapo, na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia vilevile. Baharini amonia hiyo hutawanyika. Tangini hubaki. Na kadiri maji yalivyo na joto na yalivyo mbali na uchachu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa sumu. Nayo maji ya mwamba huwa na joto, na kipimo chake cha pH huwa kati ya 8.0 na 8.4. Kiasi kilicho salama ni sifuri. Kijana, kwa upendo wake, aliwalisha mara nne kwa siku. Kila punje aliyoitupa ilikuwa tendo la mapenzi, na kila punje isiyoliwa ilikuwa tone la sumu. Maji yalikuwa maangavu kama hewa. Alikipangusa kioo apate kuwaona vizuri, naye akawaona wakifa vizuri.

Maumbile yana dawa ya sumu hii, ila dawa hiyo haitaki haraka. Mnamo mwaka 1890 mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, alifaulu kuwatenga bakteria wanaoishi kwa kubadilisha amonia. Jamii moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Jamii nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo wanyama huweza kuivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa hukaa juu ya mawe na chembe za mchanga, nao huzaliana polepole. Tangi jipya huwa halina wa kutosha. Yapasa liwashwe pampu na taa, litiwe chakula kidogo au amonia kidogo pasipo samaki hata mmoja, na lingojewe. Mpimaji huona amonia ikipanda kisha ikashuka. Halafu nitriti ikapanda, nayo ikashuka. Zote mbili zikisimama kwenye sifuri ndipo mnyama wa kwanza hukaribishwa. Muda wake kwa kawaida ni majuma manne hadi sita.

Majuma sita ya kutazama mawe! Wanafunzi wenzake watamwuliza kila siku, samaki wako wapi? Mgeni mheshimiwa atakapoitembelea shule, mkuu wa shule atapenda tangi liwe na rangi. Mtunzaji hatafuta subira ya kutenda. Atafuta subira ya kutotenda, ambayo ni ngumu zaidi, maana haina sifa. Mimi nadhani samaki wengi wa watunzaji wapya huuawa na aibu ya kuonekana hawana kitu, kuliko ujinga wenyewe.

Vipimo vingine nitavitaja upesi, maana vitabu vya kazi hiyo vyaeleza kwa urefu. Joto lifae kuwa kati ya nyuzi 24 na 27. Chini ya paa la bati mwezi wa Februari kazi itakuwa kupoza wala si kupasha moto. Ualikali, yaani nguvu ya maji ya kuuzuia uchachu usiwateke, uwe digrii 8 hadi 11 kwa kipimo cha Kijerumani. Kalsiamu iwe miligramu 400 hivi kwa lita, haidhuru ikifika 450. Magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Nitrati isipite 10, na fosfeti isifike hata sehemu ya kumi ya miligramu. Lililo juu ya namba hizi zote ni uthabiti. Mnyama aliyezoea 1.024 aumia zaidi kwa kuhamishwa ghafula hadi 1.026 kuliko kwa kukaa siku zote katika 1.024. Anayekimbilia kusahihisha kila kosa kwa siku moja huongeza kosa la pili.

Sasa turudi kwenye baraza letu. Kijana asema, "Sikujua kuwa kuna amonia." Naona kutojua ni kwa namna mbili. Iko hali ya yule asiyeweza kujua: hana mwalimu, hana kipimo, na jambo lenyewe halijagunduliwa na mtu yeyote. Huyo ana udhuru kamili, na anayemlaumu ni dhalimu. Na iko hali ya yule ambaye elimu ilikuwa imekaa rafuni, umbali wa kunyosha mkono, katika kichupa cha dawa kinachogeuza rangi ya maji kwa dakika tano, naye hakunyosha mkono kwa kuwa maji yalionekana safi. Huyu wa pili hakukosa elimu, alikosa shaka. Alijiona anajua. Na tangu siku alipomtia mnyama ndani ya kioo, kazi zote ambazo bahari ilikuwa ikizifanya bure, kutawanya uchafu, kushikilia joto, kulinda chumvi, zilihamia mabegani mwake. Samaki wa baharini maji yakimchukiza huenda zake. Samaki wa tangini amenyang'anywa hata uwezo wa kuondoka. Aliyemnyang'anya hawezi kusema baadaye kwamba hakuyaangalia maji.

Bado sijafika kwenye jambo zito kuliko yote. Tuseme kijana amejifunza, amenunuliwa vichupa, na mwalimu amempa daftari aandike vipimo kila jioni. Juma la kwanza aandika kwa uaminifu. Jumatano moja aona rangi imegeuka kijani kidogo: amonia imo. Aogopa. Jana alisifiwa mbele ya darasa. Labda alikosea kuhesabu matone. Labda kesho itashuka yenyewe. Achukua kalamu na kuandika "0", kama jana. Hakumdanganya mtu kwa faida ya fedha, wala hapana aliyeibiwa. Lakini mwenzake wa zamu asomaye daftari Alhamisi asubuhi ataona sifuri, atawalisha samaki, na ataondoka na moyo mweupe. Hapo ujinga umehama. Sasa asiyejua ni yule wa pili, naye ni asiyejua wa kweli, mwenye udhuru kamili. Na hatia yote imebaki katika sifuri ile moja. Mara nyingi nimejiuliza ni maafa mangapi makubwa, ya madaraja na ya hospitali, yaliyoanza kwa kijana mwema aliyeona haya kuandika namba mbaya.

Yuko mtu mwingine mwenye haki ya kusema katika baraza hili. Ni mama apitaye nje ya shule na punda wake aliyebeba mitungi minne ya lita 20. Aweza kusimama mlangoni akauliza: "Wanangu, mnawapa samaki maji?" Swali lake halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Tuhesabu mbele yake. Tangi letu lataka kubadilishwa lita sita kila juma, na kujaziwa labda lita saba zilizokauka: jumla 13. Zikichujwa kwa utando, kila lita safi huweza kutupa lita tatu nyingine zilizobeba chumvi. Basi twafika lita 52, mitungi miwili na zaidi. Lita hizo 39 za taka zaweza kupiga deki sakafu, nazo zisipozidi chumvi mbuzi hunywa. Bado ni maji yaliyobebwa na mgongo wa mtu au wa mnyama. Wengine watamjibu kwamba mtoto aliyezoea kupima maji ya samaki atajifunza kupima pia maji ya ndugu zake wadogo. Hoja hii naikubali nusu. Nusu ya pili siikubali, kwa kuwa aliyebeba mitungi hakuulizwa. Rai yangu ni kwamba tangi lianzishwe tu pale ambapo mama huyu ameelezwa hesabu hii na ameridhika, na pale ambapo shule ina hakika haitaliacha mwezi wa Oktoba, mabwawa yakipwea na mvua haijaja. Kuanza kwa furaha mwezi wa Desemba na kuacha kwa udhuru mwezi wa Oktoba ni ukatili uliopangwa.

Katika historia ya matangi haya swali la mbebaji ni la tangu mwanzo. Mwaka 1846 mwanamke Mwingereza, Anna Thynne, alileta matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay hadi nyumbani kwake London. Alitambua kuwa maji yaliyotulia huwaua, na dawa aliyoipata ni kuyamimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, yapate hewa. Yeye alikumbukwa kwa ugunduzi huo. Mkono uliokuwa ukimimina mara nyingi ulikuwa wa mtumishi wake. Miaka michache baadaye Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowafundisha watu kutunza viumbe vya bahari katika kioo, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya aina hiyo kwa watu wote. Gosse aliwapenda viumbe wale kwa dhati. Wasomaji wake nao wakawapenda, wakashuka pwani kwa maelfu na ndoo na patasi, na vidimbwi alivyovisifu vikabaki mawe matupu. Mwanawe, Edmund, aliandika mwaka 1907 jinsi baba yake alivyohuzunika kwa jambo hilo. Je, Gosse alijua? Hakujua. Lakini baada ya Gosse, sisi twajua. Na pwani ya Kenya wako wapiga mbizi wanaokamata samaki wa rangi kwa nyavu ndogo, wakasafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya plastiki hadi Ulaya na Marekani. Kazi hiyo huwalisha watu, na sitaki kuitukana. Nasema tu kwamba samaki akifa siku ya kumi kwa amonia, wa pili huagizwa, na ujinga wa mtu mmoja mbele ya kioo hulipwa na mwamba ulio mbali.

Na mwamba huo kweli uko mbali na Kathonzweni? Tazama ramani. Mto Athi hushuka kutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita mpakani mwa Makueni na Kitui, hukutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha huitwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Udongo unaochukuliwa na mvua katika shamba la Ukambani unayo njia ya wazi mpaka kwenye matumbawe. Watafiti walitoboa tumbawe moja la Malindi lililokuwa limekua kwa muda wa miaka 300 hivi, wakapima bariamu iliyomo katika kila tabaka lake, maana madini hayo huletwa na matope ya mto. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Katika tabaka za kale kiasi kilikuwa kidogo, tena hakikubadilika. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini kikaanza kupanda. Tumbawe lilikuwa likiandika daftari, wala halikuandika sifuri kwa kuona haya. Mkulima wa mwaka 1910 hakuweza kujua. Huyo namsamehe bila masharti, tena nakumbuka kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa imewabana watu katika maeneo finyu, na mwaka 1938 ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa jina la kuhifadhi udongo, maelfu walikwenda Nairobi kwa miguu pamoja na Muindi Mbingu kudai haki yao. Kujua bila haki nako kuna hatia yake.

Katika mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kwa digrii moja au mbili kupita kiwango cha juu cha kawaida, kwa majuma kadhaa. Ni tofauti ambayo mtunzaji wa tangi huisahihisha kwa kupepea. Matumbawe yakageuka meupe kutoka Kenya hadi Tanzania, na sehemu nyingi za mwamba wa Kenya zikapoteza nusu au zaidi ya yaliyokuwa hai, hata katika hifadhi za Malindi na Watamu zilizowekwa tangu mwaka 1968. Hapakuwa na mtu wa kulijaza tangi hilo.

Mvua za Novemba zikinyesha Makueni, Athi hupita na rangi ya udongo, na upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, rangi hiyo huonekana katika ghuba ya Malindi. Kijana wetu wa Kathonzweni, tuliyemwacha akilia, ameliosha tangi na kulijaza upya. Amechora mstari wa wino kwenye kioo mahali maji yanapokoma. Ni juma la tatu: amonia imeshuka, nitriti ingali juu, na ndani hamna ila mawe. Watoto wa kidato cha kwanza huchungulia dirishani wakamwuliza kwa kicheko anafuga nini. Hajibu. Anahesabu matone katika kichupa, anakiinua mbele ya nuru, anasubiri dakika tano. Kisha anaiandika namba kama alivyoiona, na kando yake tarehe.